Swali la lugha: Mwili una nguvu, nishati au kawi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sayansi shule ya msingi, Morogoro. Niliandika ubaoni "Mitokondria huzalisha nishati ya mwili," yaani vile vijisehemu vidogo vilivyomo ndani ya seli. Mwenzangu akanisahihisha kwamba nishati ni ya umeme na gesi, mwili una nguvu. Mwingine, aliyesomea Kenya, akasema ni kawi. Tufuate lipi? Na je, ni sahihi kusema seli inapumua?

Jibu: Marahaba. Nishati ni sahihi. Shida ya sentensi yako iko kwenye kitenzi, na nitakifikia.

Namwelewa mwenzako. Tangazo la redioni likitaja nishati, ujue ni mkaa, mitungi ya gesi au nguzo za umeme, na tuna Wizara ya Nishati nzima inayoshughulikia hayo. Lakini neno hili tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni uchangamfu, wepesi wa kutenda. Kwa hiyo lilikuwa la mwili kabla ya kuwa la nguzo!

Nguvu nalo limebeba mizigo mingi mno: nguvu ya sheria, nguvu za kiume, kusukuma kwa nguvu. Mtazame mtu aliyelala fofofo. Hakuna atakayesema anatumia nguvu, ilhali nishati anaitumia usiku kucha. Moyo unadunda, joto la mwili halishuki hovyo, na ubongo, ambao ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wake, unachukua kama asilimia 20 ya nishati yote anayotumia akiwa amepumzika. Darasani tofauti hiyo ina maana. Vyakula vya kutia nguvu viacheni vilivyo, watoto wanavielewa.

Kawi si kosa. Ndilo neno la Kenya, na huko kuna Waziri wa Kawi kama sisi tulivyo na Waziri wa Nishati. Kwa kuwa unafundisha Morogoro, andika nishati.

Sasa kitenzi. Kuzalisha ni kuleta kitu ambacho hakikuwapo, na seli haifanyi hivyo. Nishati imo tayari ndani ya glukosi, sukari inayotokana na chakula, imeingia humo kutoka kwenye jua kupitia majani ya mmea. Mafundi wa umeme wana kitenzi ninachokipenda, kufua. Wanafua umeme Mtera na Kidatu, wala hawadai kwamba mtambo umeiumba nishati yenyewe. Maji yaliyozuiwa juu yanayo, na yakishuka yanazungusha mtambo.

Mitokondria inafanya jambo la namna hiyo hiyo. Kwanza glukosi hukatwa vipande viwili kwenye saitoplazimu, ute uliojaa ndani ya seli, nje ya mitokondria, na seli hupata faida ya molekuli 2 tu za ATP, kemikali inayobeba nishati ambayo seli huitumia. Vipande hivyo huingia ndani na kuvunjwa zaidi, kabonidioksaidi ikitoka. Elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi, zilizochukuliwa humo hupita hatua kwa hatua kwenye utando wa ndani hadi zipokewe na oksijeni, na maji hutokea. Nishati zinayoiachia njiani husukuma protoni, chembe zenye chaji chanya, zirundikane upande mmoja wa utando. Protoni zikirudi, hupita ndani ya kimeng'enya, protini inayoendesha mabadiliko ya kikemikali, ambacho kwa kweli huzunguka, na mzunguko huo ndio unaounganisha fosfati ya tatu ili ATP ikamilike. Peter Mitchell, Mwingereza aliyetoa wazo hili la protoni kurundikana mwaka 1961, alibishiwa kwa miaka mingi kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978.

Mwishowe glukosi moja hutoa ATP kama 30 hivi. Nishati inayobaki huwa joto, ndiyo maana ukimkumbatia mtu humwoni baridi. Kwa hiyo andika hubadili, au hutoa nishati kwenye chakula. "Kuchoma mafuta" ya watu wa mazoezi mimi siipingi mtaani, ila kwenye daftari la mwanafunzi itamfanya aone moto.

Kuhusu kupumua, tumia "upumuaji wa seli" kama jina la mchakato huu wote wa kutoa nishati kwenye glukosi, na usiliache lile "wa seli" likadondoka. "Seli inapumua" ningeikwepa, kwa sababu mtoto ataanza kuitafutia pua na mapafu. Isitoshe, hamira kwenye unga uliokandwa, na hata misuli ya mkimbiaji akiwa mbio kali, huweza kupata ATP zile 2 za mwanzo bila oksijeni, na kupumua bila hewa ni fumbo ambalo hutaki kulitegua kipindi cha mwisho mchana.

Ubaoni iwe hivi: "Mitokondria hubadili nishati iliyomo kwenye chakula kuwa ATP, ambayo seli huitumia kufanya kazi zake."