Mlango Umegoma Kufunga: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vitasa na Makufuli

Barua za safari hii zimetoka Dodoma mjini na vitongoji vyake, na moja Kibaigwa. Karibu zote zinakilaumu kitasa au kufuli. Tumezisoma kwa makini, na mara nyingi tumekuta kosa liko pembeni: kwenye bawaba, kwenye skrubu, kwenye mafuta yaliyopakwa. Basi tuanze.

Mlango wetu wa mbele ni wa mninga, tuliuweka mwezi wa nane. Ulifunga vizuri hadi mvua zilipoanza. Sasa ufunguo unazunguka nusu na kukwama. Fundi anasema kitasa kimekufa, tununue kingine. Ni kweli? (Mama mwenye nyumba, Ipagala)

Mama, usitoe hela bado. Acha mlango wazi kabisa, kisha zungusha ufunguo kana kwamba unafunga. Ulimi, yaani kile chuma kinachotoka ukingoni mwa mlango, ukitoka na kurudi bila kusita, kitasa ni kizima, na shida iko kwenye mlango au fremu. Ukigoma hata hivyo, fundi yuko sahihi.

Tunachokishuku ni mbao. Agosti Dodoma hewa ni kavu, na mbao nayo hukauka na kusinyaa. Mvua zikiingia Desemba, mbao hunywa unyevu na kuvimba, na huvimba kwa upana kuliko kwa urefu. Mlango wa kawaida unaweza kuongezeka milimita kadhaa. Tundu la kibati cha fremu, ambamo ulimi huingia, linauachia nafasi ya milimita mbili tatu tu, kwa hiyo mabadiliko hayo madogo yanatosha kuukwamisha.

Ili ujue ulimi unagonga wapi, upake chaki ncha na ubavu. Funga mlango, zungusha ufunguo mpaka ukwame, rudisha, fungua, kisha tazama kibati. Chaki ikiwa chini ya tundu, mlango umeshuka, na karibu kila mara ni bawaba ya juu imelegea. Toa skrubu zake moja moja, na kila tundu lililolegea lijaze vijiti vya mbao vilivyochovywa gundi. Iache ikauke usiku mzima ndipo urudishe skrubu. Kama fremu ni ya mbao nene, skrubu moja ya milimita 75 kwenye bawaba hiyo huuvuta mlango ukarudi juu. Chaki ikiwa ubavuni mwa tundu, chukua tupa ya chuma ulipanue milimita moja au mbili upande huo. Kama ni ncha ya ulimi inayogonga, tundu la fremu ni fupi. Ondoa kibati, ongeza kina kwa patasi, halafu kirudishe.

Usikubali mlango urandwe sana wakati huu wa mvua. Ukifika Julai utasinyaa, na pengo litakalobaki litapitisha bisibisi. Subiri kiangazi, upake vanishi pande zote sita, pamoja na ukingo wa juu, ukingo wa chini na ndani ya tundu la kitasa. Mafundi wengi huziruka sehemu hizo kwa kuwa hazionekani, na hasa kwenye kingo hizo ndiko unyevu unakoingilia. Wakati huohuo tafadhali usiuzungushe ufunguo kwa plaizi. Utakatika shingoni, na hapo kazi itakuwa mbili.

Nakaa Nzuguni, kando ya barabara ya vumbi. Kufuli la geti nalipaka mafuta ya kula kila Jumamosi lakini linazidi kugoma. Nipake mafuta gani? (Msomaji wa kiume)

Ndugu yetu, mafuta hayo ndiyo yanayoligomesha.

Ndani ya kufuli la kawaida kuna silinda ndogo inayozunguka. Kwenye vijitundu vyake vimepangwa vipande vya shaba viitwavyo pini, kwa kawaida pea nne hadi sita, na kila pea imekandamizwa na springi nyembamba kama unywele. Meno ya ufunguo sahihi huinua kila pea kwa kimo chake, mpaka maungio ya pini ya chini na ya juu yalingane na ukingo wa silinda. Hapo ndipo silinda inapozunguka. Pini moja ikibaki juu au chini kidogo tu, haizunguki. Sasa vumbi letu la Dodoma likikutana na mafuta hugeuka tope, na mafuta ya kula yakikaa huganda kama gundi. Springi haina nguvu ya kusukuma pini kwenye tope hilo.

Lisafishe hivi. Litoe getini, lifungue, ulitumbukize kwenye kikombe cha mafuta ya taa. Fanya kazi hii nje, mbali na jiko. Baada ya dakika 15 ingiza ufunguo na kuutoa mara ishirini, ukiufuta kwa kitambaa kila unapotoka mweusi. Mwaga, weka mafuta mapya, rudia mpaka ufunguo utoke msafi. Likung'ute tundu likiwa chini, ulianike mpaka likauke kabisa.

Kilainishi chake ni unga mkavu wa grafaiti. Usipoupata dukani, penseli ya mwanafunzi inatosha, maana ile sehemu yake nyeusi ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Isugue pande zote mbili za meno ya ufunguo mpaka yang'ae kijivu, ingiza na kutoa mara kumi, sugua tena, zungusha. Tone moja la mafuta ya cherehani liwekwe kwenye upinde tu, ile fimbo ya chuma iliyopinda, pale unapoingia kwenye mwili wa kufuli, kisha ufute yaliyozidi. Kwa geti la barabarani rudia kila miezi miwili au mitatu wakati wa kiangazi. Kufuli lining'inie tundu likitazama chini, na kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwa bolti juu yake kitazuia vumbi na mvua pia.

Nimepanga chumba Chang'ombe. Sijui ni wapangaji wangapi wa zamani bado wana funguo. Lazima nibadilishe kitasa kizima? (Mpangaji)

Inategemea ni kitasa gani. Tazama ufunguo. Kama ni bapa wenye meno ukingoni, na tundu lake liko kwenye kipande cha shaba kinachoonekana pande zote mbili za mlango, una kitasa cha silinda. Badilisha silinda peke yake. Kwenye ukingo wa mlango, usawa wa tundu la ufunguo, kuna skrubu ndefu, itoe. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo sana, kama mshale wa dakika unavyosogea kwa dakika mbili tatu, huku ukivuta silinda taratibu. Kijino chake cha katikati kikilingana na mwili, itatoka. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila mwisho. Ukipata milimita 30 na 30, nunua ya 30/30, na usikadirie kwa macho. Silinda ikichomoza nje zaidi ya milimita tatu, mwizi anapata pa kushika kwa plaizi na kuivunja katikati, kwenye tundu lilelile la skrubu ambako chuma ni chembamba. Mwambie mwenye nyumba kabla, na ile ya zamani uitunze umrudishie siku ya kuhama.

Kama ufunguo ni wa fimbo ndefu yenye kibapa mwishoni, ni kitasa cha leva, yaani vibapa vya ndani vinavyoinuliwa na ufunguo, na hakina silinda. Hicho hubadilishwa chote. Nenda nacho dukani upate cha vipimo vilevile, hasa umbali wa kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo. Usipofanya hivyo mlango utachongwa upya na kudhoofika. Vitasa vya leva mbili vina aina chache mno za funguo, ndiyo maana wa jirani wakati mwingine hufungua kwako. Vinafaa vyumba vya ndani. Mlango wa nje tafuta leva tano.

Nina stoo ya mahindi Kibaigwa, mlango wa mbao. Nimenunua kufuli zito la milimita 70 lakini bado nina wasiwasi. (Mfanyabiashara)

Wasiwasi wako una msingi. Tunakuomba usiliangalie kufuli, tazama linaponing'inia. Stoo nyingi za mbao zina kufuli la bei kubwa kwenye kibati chepesi kilichoshikwa na skrubu nne fupi, zote zinaonekana hata kikiwa kimefungwa. Mwenye bisibisi anazitoa kwa dakika chache na kufuli linaondoka zima, halijaguswa.

Chagua komeo ambalo kibati chake, kikishavikwa kwenye tumbuu (kile kipete cha fremu kinachopitisha kufuli), kinafunika vichwa vyote vya skrubu. Halafu achana na skrubu. Toboa mlango hadi upande wa pili, pitisha bolti za milimita 8 zenye kichwa cha mviringo, na kwa ndani weka bati nene la chuma kabla ya nati. Tumbuu nayo ipite kwenye fremu hadi ndani kwa njia hiyohiyo. Kama fremu ni ya chuma, ichomelewe pande zote, isiwe vitone viwili. Bawaba zikiwa nje, chomelea ncha za pini zake, la sivyo zitasukumwa zitoke na mlango utafunguka upande usio na kufuli.

Kwenye kufuli lenyewe, upinde uwe wa chuma kigumu, na urefu wake utoshe tumbuu tu. Ukibaki na nafasi kubwa ndani, nondo inaingia na kupindua.

Ufunguo umekatikia ndani ya kitasa cha silinda. Kipande hakitoki. (Msomaji, Kikuyu)

Usisukume ufunguo mwingine nyuma yake. Kwanza hakikisha mpasuo wa tundu umesimama pale pale ufunguo unapoingilia. Kama umegeuka hata kidogo, rudisha kwa ncha ya bisibisi nyembamba, kwa sababu tundu likiwa limegeuka pini hukishika kipande kisitoke. Nyunyiza unga wa grafaiti. Chukua wembe mwembamba wa msumeno wa kukata nakshi, meno yakitazama kwako, upitishe juu ya kipande upande wa meno yake, ukamate na kuvuta polepole. Kipande hicho kitunze, mchonga funguo anaweza kukitumia pamoja na kile cha mkononi. Ukiwa na ufunguo wa awali ambao hautumiki, mpe huo. Nakala ya nakala huongeza kosa kila mara, na ndiyo chanzo cha funguo nyingi zinazokwama.

Kufuli la namba tatu linatosha kwa begi la bwenini? (Mwanafunzi, UDOM)

Linazuia mkono wa kupita tu. Namba tatu zina michanganyiko 1,000. Mtu akitumia sekunde tatu kwa kila mmoja, anaimaliza yote kwa dakika 50, wakati wewe uko kwenye kipindi. Namba nne zina 10,000, ambazo kwa mwendo huohuo ni zaidi ya saa nane. Kabatini weka kufuli la ufunguo.

Usiku tunafunga grili ya ndani kwa kufuli na ufunguo nakaa nao chini ya mto. Mume wangu anasema ni hatari. (Mama, Ilazo)

Mume wako ana haki, na swali hili ndilo zito kuliko yote tuliyopokea. Moshi ukijaa hamwoni mkono, na ufunguo ulio chini ya mto wa mtu mmoja hauwasaidii watoto wa chumba kingine. Madirisha nayo yana nondo.

Pigilieni msumari ukutani karibu na grili, mahali ambapo mkono au fimbo kutoka dirishani haifiki, ufunguo ukae hapo kila usiku na usihamishwe. Ufungwe utepe mweupe mnene ili mkono uutambue gizani. Kufuli liwe la upinde unaoruka wenyewe ufunguo ukigeuka. Namba ya dharura ya Zimamoto ni 114. Usiku mmoja zimeni taa mjaribu. Kila mtu wa nyumbani anayeweza kugeuza ufunguo aufikie, afungue, atoke. Mtoto akishindwa kuufikia, shusheni msumari.