Siku moja tu: barua kwa mwanangu

Mwanangu Salim,

Waalaikumu salaam. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa nakuna nazi, mpaka dada yako akasema, "Mama, si umjibu tu." Umeniuliza jambo dogo. Wewe na mkeo mna siku tano China, mnataka mji wenye maji na miti, msikimbizane na saa, mle halali bila wasiwasi. Je, mkae hapo hapo Guangzhou mtakaposhukia, au mpande ndege nyingine ya saa mbili mwende Hangzhou? Halafu mwishoni, kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe, ukaongeza kwamba mtapitia kuangalia bei za vigae, "siku moja tu."

La chakula nikumalizie upesi, maana ndilo jepesi. Tafuta maandishi haya mawili: 清真. Husomwa qingzhen, safi na kweli, na mara nyingi huandikwa kwenye kibao cha kijani. Takriban kila mji wao mkubwa una viduka vya tambi za kuvutwa kwa mkono vya Waislamu wa kabila la Hui, waliotoka Gansu na Qinghai, na huko utapata supu ya ng'ombe na mishikaki ya kondoo iliyonyunyizwa bizari ya pilau. Pengine usitosheke na kuwaambia "sisi hatuli nguruwe", kwa sababu hata mchicha wanaweza kuukaanga kwa mafuta yake. Na neno lao la nyama, rou, likikaa peke yake kwenye orodha ya chakula, jua ni huyo huyo. Guangzhou ni rahisi zaidi. Mtaa wa Xiaobei una Waafrika na Waarabu, na msikiti wa Huaisheng una mnara wa mviringo wa kale ambao wazee wa huko husema uliwaongoza wenye majahazi. Mkitaka miti mna mlima Baiyun. Kwa hiyo hamtalala njaa mji wowote. Umeshajibiwa.

Sasa hilo la siku moja tu.

Mwaka 2012, wewe ukiwa kidato cha pili tukakuacha kwa shangazi yako (na yale ya baiskeli nilikuja kuyajua baadaye, usidhani sikuyajua), nilikwenda na marehemu baba'ako Yiwu, mji wa masoko ya jumla. Siku tisa za chupa za chai. Ghorofa baada ya ghorofa, chupa nyekundu, chupa za maua, chupa za kifuniko cha kubonyeza, mpaka nikiziota. Ahadi ilikuwa kwamba tukimaliza tutakwenda Hangzhou kwa treni, siku mbili, sisi wawili, kwenye lile Ziwa la Magharibi. Unamjua baba'ako na Ibn Battuta wake, yule msafiri wa kale. Barazani alikuwa hachoki kusema kwamba mtu aliyelala Mombasa na kufika Kilwa mwaka 1331 ndiye huyo huyo aliyefika Hangzhou, akauita Khansa, akasema hajapata kuona mji mkubwa kama ule. Kwa hiyo alikuwa na hamu kuliko mimi. Hilo lazima niliseme, nisije nikamdhulumu.

Tulifika usiku. Asubuhi simu ikalia. Kontena. Sijui karatasi gani ilikosewa, sijui nani hakulipwa. Akavaa viatu, akaniandikia 清真 nyuma ya kadi ya hoteli, akasema, "Siku moja tu, mke wangu." Akarudi Yiwu.

Nikaenda ziwani peke yangu. Nilianzia Daraja Lililovunjika, ambalo ni zima kabisa. Nikafika kwenye tuta la Su, njia ya karibu kilomita tatu inayokatiza maji, ina madaraja sita ya mawe na mierebi iliyoinama kama wanawake wanaofua. Tuta hilo lilijengwa na Su Dongpo, mshairi aliyekuwa gavana wa mji, zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Watu wa Hangzhou walimpenda hata pishi lao mashuhuri la nguruwe wakaliita kwa jina lake, basi huko ukisikia Dongpo, angalia kwanza kama unaonyeshwa tuta au sahani. Kila benchi lilikuwa na wawili. Mimi nilikuwa na biskuti na mandazi makavu ya nyumbani. Nililitembea lote kwa hasira, na mpaka leo siwezi kukwambia upande wa pili wa ziwa una nini.

Alasiri nikampa dereva wa teksi ile kadi. Akacheka, akanishusha mbele ya Msikiti wa Fenghuang, mtaa wa Zhongshan, wa zamani sana, wenye kuba tatu za matofali. Nikaswali. Nilipotoka nikaingia kwenye duka la tambi la karibu. Mwanamke mwenye kitambaa cheupe aliniangalia akasema, "Assalamu alaikum," kwa lafudhi yake, na mumewe nyuma akaupiga unga mezani paa! kama anayefukuza paka. Nililetewa bakuli lina mvuke na majani ya giligilani. Nikalia humo. Yule mama akadhani ni pilipili, akaniletea maji.

Baba'ako alirudi saa nne usiku na mwavuli wa hariri. Ndiyo, ule ule mliouvunja wewe na dada yako mkicheza harusi. Watu wa ziwa wana hadithi ya mwanamke aliyekuwa nyoka mweupe: alikutana na mumewe pale kwenye lile daraja, mwavuli ukaazimwa, mapenzi yakaingia, mwishowe akaja kufungiwa chini ya mnara wa Leifeng. (Mnara wenyewe ulianguka 1924, wakaujenga upya 2002.) Nikadhani amenichagulia mwavuli kwa hadithi hiyo. Wapi! Alinunua kwa sababu kulikuwa na mvua.

Kesho yake aliiacha simu hotelini, na aliniambia mara tatu kwamba ameiacha. Tukakaa benchi moja kuanzia saa moja asubuhi hadi adhuhuri. Katikati ya Oktoba viua vidogo vya manjano vya guihua vinanukia mji mzima, harufu iliyo karibu na asumini lakini tamu zaidi, kama imetiwa asali. Akaagiza chai ya Longjing, majani yanaelea ndani ya glasi, haina sukari, akainywa kama mtu anayetimiza dozi. Mchana tukapanda mashua ya kupiga makasia. Kule kuna vinara vitatu vya mawe vimesimama majini, na picha yake iko nyuma ya noti ya yuan moja. Akatoa noti, akainyoosha, akalinganisha. Mtu aliyehesabu pesa maisha yake yote, siku hiyo ndiyo kwanza anaitazama picha.

Mimi husema sikuzote, mahali hujulikana kwa kukaa. Miguu inakuonyesha tu pa kukaa. Kwa hiyo msizifuate zile mandhari kumi mashuhuri za ziwa kama mnaopanga foleni ya maji. Chukueni hoteli ya kutembea kwa miguu hadi ziwani, siku moja mashamba ya chai ya Longjing, siku moja mashua za Xixi kwenye vinamasi, basi. Msiende tarehe 1 hadi 7 Oktoba, China nzima iko likizo na nusu yake iko hapo darajani.

Unaweza kuniambia, Mama, lakini kontena lile ndilo lililolipa ada yangu. Ni kweli. Ndilo lililoezeka na nyumba hii ninayoandikia. Nimejibishana nalo hili miaka mingi na kila mara kontena linashinda. Kisha nakumbuka kwamba tulikuwa na siku mbili, moja ikachukuliwa, na hatukupata kurudi. Angeniuliza asubuhi ile, ningemwambia nenda. Hakuuliza.

Kwa hiyo sikuchagulii mji. Muulize mkeo, na umuulize kabla hujamtaja mwenye vigae. Picha za vigae zinatumwa kwa simu siku hizi, bei vilevile. Lakini nimesema sikuchagulii.

Noti ya yuan moja iko ndani ya msahafu wangu, usiniombe. Dada yako anataka chai. Mimi sitaki kitu. Labda mwavuli.

Mama'ako