Michubuko ya Boti Inayobebwa kwa Trela

SWALI: Ndugu Mhariri, boti yangu ya faibaglasi huibeba kwa trela kila ninapokwenda kuvua. Hivi karibuni nimeona mistari mirefu tumboni mwake, inayokwenda sambamba na mkuku (uti wa chini wa boti), na upande wa tezi, yaani nyuma, pana sehemu iliyofifia kana kwamba imepigwa msasa. Je, niipake rangi mpya?

JIBU: Rangi iache kwanza, kwa sababu itachubuka vilevile endapo kinachoikwangua boti bado kipo kwenye trela. Mistari mirefu kwa kawaida hutokea boti inapopandishwa au kushushwa, ilhali sehemu iliyofifia husababishwa na boti kuchezacheza njiani kwa kuwa mikanda ya nyuma imelegea. Papasa kwa vidole kapeti iliyovikwa mbao za kuegemea boti: mara nyingi utakuta mchanga umejikita ndani yake, au kichwa cha skrubu kimechomoza mahali kapeti ilipolika. Zungusha pia kila rola (kigurudumu cha trela kinachoitelezesha boti) kwa mkono, kwani iliyokwama haiviringiki tena bali hukwaruza.

Baada ya hapo osha boti, ikauke, kisha pitisha ukucha ukiukatiza mstari. Usiponasa, polishi ya kusugulia na nta vinatosha. Ukinasa kidogo, sugua kwa msasa wa maji namba 800 au 1000, upande hadi 2000, ndipo upige polishi. Lakini usisugue kwa pupa, maana jelikoti, yaani lile tabaka la nje linalong'aa, huwa na unene wa takriban nusu milimita tu.

Mkwaruzo uliozama zaidi hujazwa kwa jelikoti ya rangi ileile, iliyochanganywa na kigumishi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Vaa miwani na glavu, kwani kigumishi hicho ni hatari sana kwa macho. Jaza hadi ivimbe kidogo kupita usawa wa tumbo, kisha ifunike kwa plastiki laini, kwa kuwa jelikoti isiyotiwa nta hubaki ikinata juu inapokauka mahali penye hewa. Nyuzi za kioo zilizo chini ya jelikoti zikionekana, boti isirudi majini kabla hazijakauka kabisa na kuzibwa kwa resini, yaani gundi inayozishikanisha nyuzi hizo. Zikiwa zimekatika, kazi hiyo mpe fundi.

Kuhusu kinga, badilisha kapeti iliyochakaa, lowesha mbao kabla ya kupandisha boti, na uingize trela majini kiasi cha kutosha ili boti ielee badala ya kuburutwa. Wapo wanaopaka mbao hizo vilainishi. Binafsi siwapendekezei wengi njia hiyo, kwani boti huweza kuteleza yenyewe na kuangukia sakafu ya gati. Ukiitumia, usifungue kamba ya winchi (kifaa cha kuivutia boti kwenye trela) mpaka sehemu ya nyuma ya boti iwe imeanza kuelea.