Barua kwa Mwanangu: Lile Trekta Lililolala Bandani

Mwanangu Neema,

Salamu kutoka Moshi. Sote hatujambo, na mama yako anakusalimu. Umeniuliza ulifanyeje trekta dogo la kukatia majani mlilolikuta bandani mliponunua nyumba huko Wisconsin: ulifufue, ukianza na rangi, au uliuze kama chuma chakavu na kununua jipya. Kwa picha ulizonitumia, hilo ni John Deere 110, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1963 katika mji wa Horicon, humo humo jimboni mwenu, lenye injini ya Kohler ya silinda moja. Lifufue, ila likate majani kwanza. Mambo ya urembo yaje baadaye. Siku utakayofikia rangi, piga msasa wa maji ukiwa umevaa barakoa, kwa kuwa rangi za miaka ile huenda zina madini ya risasi.

Usikimbilie ufunguo. Chomoa plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, iache hadi kesho yake, kisha zungusha injini kwa mkono. Ikigoma, usiilazimishe, ongeza oili na uvumilie, maana mara nyingi kinachokwama ni ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu. Halafu mwaga oili yote ya zamani, uweke mpya, na uikague kila unapotaka kukata majani. Injini hiyo haina pampu ya oili: kuna kijiti chini ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, kinachochota oili na kuirusha huku na huku, kwa hiyo ikipungua, vyuma vinasagana vikavu.

Plagi isipotoa moto, usinunue bado koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme. Ubavuni mwa injini, chini ya kifuniko kidogo, kuna platini, zile ncha mbili zinazogusana na kuachana, ambazo zikikaa miaka bila kazi hushika utando usiopitisha umeme. Pitisha msasa laini katikati yake mara chache, futa kwa karatasi safi, kisha zungusha injini mpaka ziachane kabisa, upime nafasi yake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya: takriban nusu milimita. Nimeona watu wakimaliza fedha kwa vipuri ilhali tatizo lilikuwa uchafu huo tu.

Petroli ya zamani usiitumie hata tone. Petroli ya huko kwa kawaida huchanganywa na ethanoli, inayovuta unyevu, na mafuta yakilala muda mrefu huacha gundi inayoziba vitundu vya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Fungua bakuli la kabureta ulisafishe, ubadilishe na mpira wa petroli pamoja na chujio.

Injini ikishawaka utadhani umemaliza, kumbe kazi yenyewe, na fedha pia, iko kwenye lile bati zito linalobeba visu chini ya tumbo la trekta. Majani mabichi yanayoganda humo hushika maji, bati likaliwa na kutu, na beringi za visu zikakauka grisi. Chomoa waya wa plagi kabla hujaingiza mkono, kila mara, bila kujali una haraka gani. Zungusha kisu kimoja kimoja. Ukisikia kinakwaruza, au kikichezacheza, badilisha beringi. Gongagonga bati kwa bisibisi, na panapotoboka pachomelewe. Visu vinoe kwa tupa, kisha ning'iniza kila kimoja kwenye msumari kwa tundu lake la katikati: upande unaoshuka ndio mzito, uupunguze hadi kisu kikae mlalo, kwa sababu kisu kisicholingana hutikisa trekta zima na kuua beringi mpya upesi.

Jambo moja linanitia wasiwasi kwa ajili ya wajukuu. Matrekta ya miaka ya 1960 kwa kawaida hayakuwa na swichi ya kitini inayozima injini dereva akishuka. Kagua kama lako linayo; kama halina, fundi wa umeme aifunge kabla hujakata hata jani moja, na breki zishike kabla ya hapo.

Mikanda ya zamani usiitupe hata kama imepasuka, kwani utahitaji kuilinganisha na mipya. Nitumie pia picha ya kile kibati chenye namba ya utambulisho ya trekta kabla hujaagiza chochote, maana vipuri vya 110 za mwanzo na za baadaye havifanani vyote.

Ni mimi baba yako.