Wenzangu wananiita Njiti: je, niununue unga wa misuli?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mvulana wa miaka 15, nasoma kidato cha pili hapa Tanga, na nina kilo 46. Darasani wananiita Njiti. Tangu Januari nanyanyua chuma kila jioni, hata Jumapili, katika jimu ya mtaani ambako chuma chetu ni bomba lenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege, lakini kifua hakijai. Anayetufundisha anauza unga wa kujenga misuli uliofungwa kwenye nailoni, nami nimeanza kubana nauli ili niununue. Je, utanisaidia? Na ni kweli kwamba chuma hudumaza kimo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unga huo usiununue. Kitu kilichofungwa upya kwenye nailoni, kisicho na lebo, jina la kiwanda wala tarehe ya mwisho wa matumizi, hakuna awezaye kukuhakikishia kilichomo, na baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na homoni za steroidi. Homoni hizo zikiingia katika mwili unaokua huweza kufunga mapema sehemu za mifupa zinazorefuka, kusinyaza korodani na kudhuru ini; kwa hiyo cha kuogopa kuhusu kimo chako kimo mfukoni, wala si chuma. Chuma kikinyanyuliwa kwa mtindo sahihi, chini ya msimamizi, hakidumazi mtu. Wasiwasi wangu ni hayo makopo, kwa maana zege la kujaza kwa mkono ni nadra kulingana uzito, na upande mmoja ukizidi, anayeumia ni mgongo. Yapelekeni kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kuhusu kifua, wavulana huanza kubalehe kati ya miaka 9 na 14, jambo linalofanya wawili wanaokaa dawati moja, wote wa miaka 15, mmoja awe anakaribia kumaliza na mwingine yuko nusu ya safari. Kwa kawaida mwili hutangulia kurefuka, kisha misuli ndiyo hufuata. Usijipime hata kidogo kwa majedwali ya uzito ya watu wazima, kwa kuwa ya umri wako huzingatia miaka na jinsia.

Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Mpira wa jioni nao unahesabika. Misuli ileile ukiichosha siku 7 mfululizo, hukuipa nafasi ya kujijenga, na usingizi wa saa 8 hadi 10 ni sehemu ya kazi hiyo.

Protini unayohitaji ni takriban gramu 0.85 kwa kila kilo ya uzito, yaani kama gramu 39 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, yai moja 6; ukiongeza dagaa wa usiku, umefika. Nauli uliyobana inunue mayai.

Na huyo muuzaji, mwulize mbele ya mzazi wako: unga huu umetolewa kwenye kopo gani, nalo liko wapi?