Watoto wa mwalimu nao wanahitaji mama

Mtoto wangu wa mwisho, alipokuwa darasa la pili, alikuwa akinyoosha kidole mezani kabla ya kuomba maji. Wageni walicheka na kunisifu: "Kweli huyu mtoto wa mwalimu!" Nami nilifurahi. Ilipita miaka mingi ndipo nikaelewa kwamba mtoto yule alikuwa ananieleza jambo, na mimi nilikuwa nasikia sifa tu.

Nimefundisha shule za msingi hapa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1979 hadi nilipostaafu mwaka 2017 nikiwa na miaka 60. Nimelea watoto wanne, leo nina wajukuu saba. Ukatoliki nimezaliwa nao kwetu Mahenge, na hapa mjini nimeuishi kwa Misa ya kwanza ya Jumapili, jumuiya ya Jumamosi alfajiri, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja, na kitenge cha WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki. Walimu wasichana wanaoanza kazi huniuliza niliwezaje kushika darasa, nyumba na Kanisa kwa pamoja. Wanatarajia niwape ratiba.

Ratiba si siri. Niliamka saa kumi alfajiri, nikasali kabla nyumba haijaamka, nikabandika chai, nikatoka Tabata kugombea daladala. Rozari nyingi za maisha yangu nimezisali nimesimama kwenye daladala, kwa kukunja vidole. Vidole ni kumi na Salamu Maria ni kumi, shanga si lazima. Shule yetu ilikuwa na mikondo miwili, asubuhi na mchana, na kuna mwaka nilikuwa na watoto zaidi ya mia moja kwenye chumba kimoja. Madaftari sahihisha hukohuko shuleni, hata ukichelewa kurudi. Ukiyabeba nyumbani, utabeba na hasira zake.

Lakini kilichonishinda hakikuwa muda. Mwalimu ameshika fimbo na kalamu nyekundu. Mama mcha Mungu ameshika Amri Kumi. Vyote hivyo vikikutana kwa mwanamke mmoja, naye akaingia navyo sebuleni, watoto wanaishi na hakimu. Mwezi wa Oktoba nyumbani kwetu tulipiga magoti kwenye sakafu ya saruji tukasali matendo yote matano ya rozari, kila tendo Salamu Maria kumi, na aliyesinzia alisimamishwa. Jumapili baada ya Misa niliwauliza somo la kwanza lilitoka kitabu gani. Asiyejua alijua kitakachofuata. Nilidhani ninawajengea imani. Kumbe nilikuwa nawafundisha kunificha mambo.

Mwaka 2003 binti yangu wa kwanza alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na shule yake, siku waliyomfukuza.

Naomba walimu wenzangu mnisikilize vizuri hapa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Nilikuwa nimepeleka wasichana wa darasa la saba kupimwa, na nikaona mama zao wakitoka ofisini wamejifunika khanga usoni. Niliwahi hata kumwambia mama mmoja kwamba malezi ndiyo yamemponza. Sasa nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha upande wa pili wa meza, na sikuwa na khanga.

Sikumpiga binti yangu. Nilifanya kibaya zaidi: sikumsemesha. Wiki tatu tuliishi nyumba moja, chakula namwekea, neno simpi. Baba yake, Mungu amrehemu, alinisihi nikakataa. Kisha nikampakia basi kwenda Mahenge kwa mama yangu, ili watu wa jumuiya wasimwone tumbo. Wakati huo nilikuwa katibu wa jumuiya. Kazi ile nikaiacha, na kwenda nikaacha.

Mama yangu hakujua kusoma. Nilipofika kule karibu na siku za kujifungua, niliwakuta jikoni, binti amekaa kwenye kigoda anakunywa uji, bibi anamkanda miguu. Usiku walisali tendo moja tu la rozari, kisha bibi akamwambia akalale, kiumbe aliye tumboni amechoka. Tulipobaki wawili mama aliniuliza: "Mwanangu, huyu umeniletea mzigo au umeniletea mjukuu?" Sikupata jibu. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu majibu ya kila kitu.

Niliporudi Dar nilikatiza mji mzima kwenda kuungama kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu kule bandarini, kwa sababu sikutaka padri wa parokia yangu aijue sauti yangu. Niliungama hasira. Padri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanielekeza nikamwombe radhi binti yangu. Nilimjibu kwamba aliyekosa ni yeye. Akasema anayeungama hapa ni mama.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo, na ndio mgumu kuliko yote: mwombe mwanao radhi, kwa mdomo, bila "lakini" nyuma yake. Mimi nilifanya hivyo siku nilipokwenda kumchukua na mtoto wa miezi miwili mgongoni. Maneno yalinitoka vibaya, nikalia kabla sijamaliza. Wala hakunikumbatia siku ile. Alinipa mtoto nimshike.

Nilichoogopa zaidi kilikuwa jumuiya. Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi, wakaja wenyewe: akina mama sita, na sukari, sabuni na kanga mbili. Wakasali, wakambeba mtoto, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza baba ni nani. Nasikia watu wakisema jumuiya ndogo ndogo ni za kukusanya michango tu. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya kuwa msingi wa kazi ya uchungaji katika miaka ya 1970, walitaka Kanisa lifike hadi mlangoni kwa mtu. Kwangu lilifika na kilo mbili za sukari. Kwa hiyo ukipatwa na aibu, usijifungie kama nilivyojifungia mimi; fungua mlango mapema.

Binti alisoma jioni, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na leo ni muuguzi. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi katika shule za kawaida, nilizima redio nikakaa kimya muda mrefu. Niliwakumbuka wale wa darasa la saba niliowapeleka kupimwa. Wengine majina yao nayakumbuka hadi sasa, na ninayasali.

Kuhusu watoto walioacha Kanisa, nitasema machache. Kijana wangu wa pili haendi Misa. Nilimhubiria miaka kadhaa, mpaka akaanza kutopokea simu zangu siku za Jumapili. Mtakatifu Monika, ambaye tunamkumbuka tarehe 27 Agosti, siku moja kabla ya mwanawe Agustino, alimwendea askofu amsaidie kubishana na kijana wake. Askofu alimshauri amwache, amwombee tu. Siku hizi nikimpigia kijana wangu namuuliza amekula nini. Anapokea.

Kwa wajukuu nimepewa nafasi ya kuanza upya, na sitaki kuiharibu. Fimbo sina. Sala ya jioni ni tendo moja, kama la mama yangu kule jikoni, na anayesinzia anafunikwa shuka. Simwambii mtoto kwamba Mungu anamwona anapoiba sukari. Niliwatishia mama zao na maneno hayo, na wakamwogopa Mungu kama mwalimu wa zamu. Mjukuu akiniuliza swali la imani nisilolijua, namwambia tumuulize katekista pamoja.

Tangu 2021 Papa Fransisko alituwekea mababu na mabibi siku yetu, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Yoakimu na Ana, wazazi wa Bikira Maria. Namtafakari sana Ana. Biblia haimtaji hata kwa jina, wala hatuna neno hata moja alilomwambia binti yake. Tunachojua ni kwamba Maria alitoka nyumbani kwake. Mwalimu kama mimi, niliyeishi kwa kusema kutwa nzima, hilo limenichukua muda kulimeza.

Juzi wajukuu walikuja nyumbani. Wa miaka sita aliomba aongoze rozari yeye. Alisali Salamu Maria kumi na tatu kwenye tendo moja, na katikati akasimama kumkanya paka. Nilihesabu zote, mkono wa mwalimu hausahau. Nilinyanyua macho, nikamkuta mama yake, yule binti yangu wa kwanza, ananitazama kuona nitafanya nini. Nikaitikia amina. Akarudisha macho kwenye rozari yake, anatabasamu.