Anayefanya kazi saa moja kwa wiki, kwa nini anahesabiwa kuwa na ajira?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Kila ripoti ya nguvu kazi ikitoka nasoma kwamba ukosefu wa ajira ni asilimia chache tu, lakini vijana ninaowaona wamekaa bila kazi ni wengi mno. Tena nimeambiwa mtu akifanya kazi saa moja katika wiki nzima, anahesabiwa kuwa ana ajira. Je, hesabu hizi zinapikwa? Na kiwango kikishuka kutoka asilimia 6.2 hadi 5.9, ni kweli hali imekuwa nafuu?

Jibu: Nzuri, ndugu msomaji. Ulichoambiwa kuhusu saa moja ni kweli, na si ujanja wa serikali yoyote. Ni kanuni iliyowekwa na mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, ule unaoitishwa na Shirika la Kazi Duniani. Mkutano wa mwaka 1982 uliiweka, na ule wa mwaka 2013 ukaiacha ilivyo. Ili uone sababu yake, twende kwanza mlangoni kwa watu, maana takwimu hizi zinazaliwa huko.

Mdadisi wa takwimu anapiga hodi, anakaribishwa, anamuuliza mama mwenye nyumba kama anafanya kazi. "Sina kazi mwanangu, nipo tu nyumbani." Mdadisi mvivu angeandika hivyo akahamia kaya inayofuata. Lakini kwenye kona ya sebule kuna cherehani, na kitambaa bado kipo chini ya sindano. Dodoso lililoandaliwa vizuri haliishii kwenye swali la kwanza. Linaendelea: katika siku saba zilizopita, ulifanya shughuli yoyote ya kujipatia kipato, hata kwa saa moja? "Ah, hiyo! Nilimshonea jirani sare za watoto, siku mbili hivi." Mama huyu ana ajira. Kama tungeweka kizingiti cha saa ishirini, yeye na mamilioni ya wenzake wangefutika kwenye hesabu, pamoja na thamani ya walichozalisha. Mabegi ya wadadisi yakirudi ofisini, kazi inayopotea kwa urahisi zaidi ni ya wanawake, kwa sababu wenyewe wamezoea kutoiita kazi. Swali la saa moja lipo kwa ajili ya kuiokoa.

Aliyekwisha kuingia upande wa wenye ajira hatoki huko, hata kama anatafuta kazi nyingine usiku na mchana. Aliye likizo, au mgonjwa ambaye kazi yake inamsubiri, naye ana ajira. Kwa wanaobaki, masharti matatu lazima yatimie kwa pamoja ndipo mtu aitwe asiye na ajira: hakufanya kazi ya kipato hata saa moja wiki ile, amechukua hatua ya kutafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita, na yuko tayari kuanza ikipatikana sasa au ndani ya wiki mbili zijazo. Likikosekana moja kati ya haya mawili ya mwisho, anawekwa nje ya nguvu kazi, yaani nje ya jumla ya wenye ajira na wasio na ajira.

Hapo ndipo vijana wako wanapopotelea. Chukua watu wazima 1,000. Wenye ajira ni 600, wasio na ajira 40, na 360 wako nje ya nguvu kazi, wakiwamo wanafunzi, wazee na wanaolea watoto. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni 40 kugawanya kwa 640, yaani asilimia 6.25. Sasa wale 40, nusu yao wachoke kuzunguka na barua za maombi, waache kutafuta. Kiwango kinashuka hadi asilimia 3.2. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi! Wenye ajira wamebaki 600 vilevile, asilimia 60 ya watu wazima. Ndiyo maana kila mara nawaomba waandishi wa habari wasichapishe kiwango cha ukosefu wa ajira bila kuweka pembeni yake uwiano wa wenye ajira kwa watu wote wazima. Namba hizi mbili zikisimama pamoja, ni vigumu mtu kudanganyika.

Liko na jambo la umaskini, ambalo naona watu hawalisemi vya kutosha. Pasipo na posho ya wasio na kazi, kukaa bila kazi miezi mitatu ukisubiri ajira nzuri ni anasa. Mtu anabeba mizigo, anapanga bidhaa chini, anafanya kibarua cha nusu siku, maana watoto watakula nini? Kwa hiyo nchi maskini inaweza kuwa na kiwango kidogo cha ukosefu wa ajira kuliko nchi tajiri, na huku wananchi wake wakihangaika. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wenye ajira duniani, watu wapatao bilioni 2, wako katika ajira isiyo rasmi. Shida yao haionekani kwenye kipimo cha ukosefu wa ajira. Inaonekana kwenye saa za kazi, kipato, mkataba na hifadhi ya jamii.

Wanatakwimu waliliona pengo hili. Mkutano wa mwaka 2013 uliweka vipimo vinne badala ya kimoja. Cha kwanza ni kile cha kawaida. Cha pili kinaongeza wenye ajira ambao saa zao hazitoshi, wanataka zaidi na wako tayari. Cha tatu, badala ya hao, kinaongeza nguvu kazi iliyo pembeni: wanaotafuta lakini hawawezi kuanza sasa, na wanaotaka kazi na wako tayari kuanza lakini hawatafuti. Humo ndimo walimo waliokata tamaa. Cha nne kinawakusanya wote. Afrika Kusini kwa miaka mingi imekuwa ikitoa kiwango rasmi na kile kilichopanuliwa katika ripoti moja, na huo ni mfano mzuri wa kuiga.

Mkutano huohuo ulibadilisha pia maana ya ajira yenyewe. Anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake, bila nia ya kuuza, zamani alihesabiwa kuwa na ajira. Sasa ni mfanyakazi wa uzalishaji kwa matumizi ya nyumbani, lakini hana ajira, kwa kuwa ajira ni kazi ya malipo au faida. Turudi kwa watu wetu 1,000. Kama 100 kati ya wale 600 ni wakulima wa namna hiyo, na hawatafuti kazi nyingine, wenye ajira wanabaki 500 na kiwango kinapanda hadi asilimia 7.4. Hakuna aliyefukuzwa kazi; tafsiri tu ndiyo imebadilika. Ukiona namba imeruka ghafla kati ya ripoti mbili, soma kwanza ukurasa wa tafsiri kabla ya kutafuta wa kulaumiwa au wa kupongezwa.

Na hiyo 6.2 kuwa 5.9? Utafiti hauhoji kila mtu, unahoji sampuli. Tuseme umefikia watu 10,000 walio ndani ya nguvu kazi. Kiwango cha asilimia 6 kitakuwa na ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho sampuli inaweza kupishana na hali halisi, wa karibu nusu asilimia, juu na chini. Kaya huchaguliwa kwa makundi ya maeneo, na wanaokaa pamoja hufanana, kwa hiyo ukingo halisi unaweza kufika 0.6 au 0.7. Tofauti yako ya 0.3 imemezwa humo. Isitoshe, msimu nao una lake: robo ya mwaka yenye mavuno hailingani na robo ya kiangazi, kwa hiyo linganisha na robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Hiyo 5.9 ikiendelea kushuka kwa robo tatu au nne, na uwiano wa wenye ajira ukapanda nayo, hapo nitakubali kwamba hali inakuwa nafuu. Kwa sasa, huo mteremko wa 0.3 peke yake hauthibitishi lolote.